Tundu la Chini ya Pampu

Novemba, Sotkamo, kaskazini ya Ufini.
Saa tisa alasiri na jua limeshafunga duka.
Raili Kemppainen, miaka thelathini na moja dereva wa basi la shule,
kapiga goti juu ya kadibodi ya boksi la friji
kando ya pikipiki ya Kijapani ya mwaka themanini na moja
aliyouziwa na Heikura kwa neno moja:
"Hii? Hii haivuji hata tone."

Na kweli haivuji.
Wiki nzima kadibodi imelala kavu chini ya tumbo lake,
lakini kila asubuhi maji ya rejeta yamepungua
upana wa kidole.

Maji hayaondoki bila kuaga.
Alianza na yaliyo karibu, kama alivyohesabu watoto
kabla ya kufunga mlango wa basi:
kifuniko cha rejeta, raba yake bado laini;
mipira ya maji, akaiminya mmoja mmoja
sikio limeinama, asikie kama inakwaruza ndani;
klipu, robo mzunguko kila moja, basi, usizikabe koo.
Akainyunyizia injini poda ya watoto wachanga
ikawa nyeupe kama mpishi wa mikate.
Akaiwasha. Akasubiri mchirizi kwenye poda.
Nyeupe tupu.
Mbwa wa jirani alichungulia, akafukuzwa kwa kelele:
maji yale ni matamu, na yanaua figo.

Plagi ya kushoto, kahawia. Ya kulia, kahawia.
Ingekuwa gasketi ya hedi
moja ingetoka safi, imeoshwa kwa mvuke.
Akafunga pampu ya mkono shingoni mwa rejeta,
akasukuma mpaka mshale ukasimama wima,
akaenda kunywa kahawa yake, vikombe viwili.
Aliporudi mshale umeinama
na sakafu kavu.

Ndipo akafungua kifuniko cha oili
akakuta chai ya maziwa.

Kitabu cha mafundi, kurasa zimeshikana kwa grisi,
kinasema chini ya pampu kuna tundu,
jembamba, la kupitisha njiti ya kiberiti,
katikati ya sili mbili, moja ya maji, moja ya oili.
Yoyote kati ya hizo ikichoka
hulilia hapo, nje, mwenye macho aone.
Raili akapeleka kidole gizani, nyuma ya bomba la moshi,
akilitafuta tundu.
Akagusa kipele.

Gundi. Ngumu, ya kijivu,
na juu yake rangi ya fedha, imepakwa kwa brashi ndogo
kwa mkono usio na haraka,
karibu kwa mapenzi.

Wahenga wetu walihimiza nyufa zizibwe mapema,
ukuta usije ukajengwa upya.
Hawakuwahi kupiga goti hapa.
Ila walilijua pakacha:
likivuja, mchukuzi hupata nafuu.

Heikura alipita Jumamosi kuazima ngazi.
Alikuta tundu limechokonolewa kwa sindano ya kufumia soksi,
chini yake kikombe, ndani ya kikombe
kijani kidogo, chenye macho ya mafuta.
Alikitazama kuliko ilivyohitajika.
"Ilikuwa inachafua sakafu," akasema.
Kisha: "Nilitaka iuzike."

Raili hakujibu. Sili ile haifikiwi
mpaka injini nzima ishuke kwenye fremu,
na mtu mmoja hawezi kuishusha.
Akampa spana namba kumi na saba
akamwonyesha bolti ya upande wake.
Ngazi ilibaki ukutani mpaka usiku.

Mwezi Mei, theluji ikiwa imebaki kwenye mitaro tu,
kabla ya kuvaa glavu Raili huinama,
hupitisha kidole chini ya pampu.
Pakavu.
Hukipitisha tena, kulihakiki tundu
kwamba lingali wazi.